Swali la lugha: Jaji Mkuu na Jaji wa Mahakama Kuu

Swali: Nilisoma kwamba "Jaji wa Mahakama Kuu" ametupilia mbali ombi fulani. Mwenzangu anashikilia kuwa huyo ndiye Jaji Mkuu, kwa kuwa "kuu" imo pote pawili. Nani yuko sahihi? Na wingi wa Jaji Mkuu ni Majaji Makuu au Majaji Wakuu?

Jibu: Mwenzako kakosea, na kilichomponza ni hiyo "kuu". Kivumishi hiki hubebwa na nomino iliyo jirani yake. Kwenye "Jaji Mkuu" kinamsifu jaji, ndiyo maana kimevaa m-. Kwenye "Jaji wa Mahakama Kuu" kinaisifu mahakama, na kwa kuwa tunasema mahakama hii, mahakama hizi, hakivai kiambishi chochote. Ukiwa na shaka, tia wingi: Majaji Wakuu, majaji wa Mahakama Kuu. Kinachobadilika ndicho kinachomhusu mtu.

Makuu hapana. Ma- ya majaji haina nguvu juu ya upatanisho, kwani jaji ni mtu na watu hufuata a-wa: mawaziri wakuu, makatibu wakuu, Majaji Wakuu wastaafu.

Kosa hili si la sarufi tu, maana linampa mtu kiti kisicho chake. Tanzania Bara, Mahakama Kuu ina majaji wengi na iko chini ya Mahakama ya Rufani. Jaji Mkuu ndiye mkuu wa Mahakama ya Rufani na wa mhimili mzima wa Mahakama, na ni mbele yake Rais huapa. Katika kuendesha shughuli za Mahakama Kuu, Jaji Mkuu husaidiwa na Jaji Kiongozi, cheo ambacho waandishi wengine hukifanya sifa na kuandika "jaji kiongozi wa kesi hiyo", wakimaanisha tu jaji aliyeongoza jopo. Afadhali waseme hivyohivyo: aliyeongoza jopo.

Kenya ngazi zimeongezeka. Juu ya Mahakama Kuu ipo Mahakama ya Rufaa (wao husema rufaa, Katiba ya Tanzania husema rufani), na juu kabisa ipo Mahakama ya Juu, ambayo magazeti mengine huiita Mahakama ya Upeo. Hiyo ina majaji 7: Jaji Mkuu ambaye ni rais wake, Naibu Jaji Mkuu, na wengine 5. Kwa Katiba ya 2010, Jaji Mkuu hakai kitini zaidi ya miaka 10, na akifika umri wa miaka 70 hustaafu hata kama 10 haijatimia. Anayetafsiri habari za huko akaiita mahakama hiyo ya juu kabisa "Mahakama Kuu" ameishusha ngazi mbili kwa neno moja.

Zanzibar ndiko mwenzako angeweza kujitetea kidogo: Jaji Mkuu wa Zanzibar ndiye mkuu wa Mahakama Kuu ya Zanzibar. Kwa hiyo ukiandika habari za huko usiache "wa Zanzibar", maana ukisema Jaji Mkuu tupu msomaji atamdhania yule wa Tanzania.

Jihadhari pia na "Hakimu Mkuu" katika habari za Kenya. Huyo ni hakimu, si jaji. Mahakama yake iko chini ya Mahakama Kuu, na uamuzi wake hukatiwa rufaa hukohuko Mahakama Kuu.