Kama huwezi kumtajia mkeo bei, usinunue hizo hedfoni

Jumatano usiku kuna kijana wa Mbagala kaingia inboksi. Salamu mbili tatu, alafu akamwaga: "Kaka shikamoo. Kuna jamaa anauza hedfoni za HD 600 used, laki sita na nusu. Mi nina laki mbili, iliyobaki nataka nikope kwenye simu. Unanishauri nini? Maana wewe ndo ulisema ukizivaa zile unamsikia mpaka mpiga besi anavuta pumzi."

Nikabaki nimeshika simu tu. Kwa sababu ni kweli nilisema. Niliandika kwa mikono yangu hii hii miaka mitatu iliyopita, watu wakasifia wee, na siku naandika nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba. Ile sehemu ya kodi sikuiandika. Leo naiandika.

Sasa wengi mnaosoma hapa tunaumwa ugonjwa mmoja kwaiyo siwezi kupoteza muda kuwaeleza muziki unamfanya nini mtu. Mimi nimekulia kwenye redio ya baba, ya betri kubwa nne, zikiisha nguvu tunazianika juani juu ya bati zivute siku mbili tatu zaidi mpaka mwisho wa mwezi. Baba alikuwa Msondo damu, ile bendi iliyoanza 1964 kwa jina la NUTA Jazz, ikawa Juwata, ikawa OTTU, yaani chama cha wafanyakazi kikibadili jina na bendi inabadili. Mjomba yeye ni Sikinde, Mlimani Park ya 1978, kwaiyo Jumapili mchana pale nyumbani ilikuwa ni ubishi mpaka chakula kinapoa. Zile nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, bendi nzima inapiga pamoja, hakuna mambo ya kila mtu kurekodi kipande chake kivyake kama sa hivi, na pale mashairi yanapoisha gitaa la solo likaanza kuchemka mimi mpaka leo vinyweleo vinasimama.

Nilipoanza kushika mshahara nikataka kuzisikia zile nyimbo vizuri. Kitu kidogo tu, kuzisikia vizuri. Hakuna mtu anaanza kwa kusema nataka kula kodi.

Hizo HD 600 za Sennheiser, kwa asiyezijua, zilitoka 1997 na mpaka leo zinauzwa, hiyo tu inakwambia kitu. Jamaa mmoja alikuwa amerudi toka Uingereza, anazo, katumia mwaka, anataka laki saba na nusu. Mimi kwenye simu nilikuwa na laki saba na themanini. Napanga Tabata, laki na nusu kwa mwezi, na mama mwenye nyumba wetu anachukua miezi sita kwa mpigo, kwaiyo ni laki tisa na nilikuwa nimebakiza laki na ishirini tu nikamilishe. Zimebaki wiki tano. Nikajiambia nitairudisha. Hesabu za darasa la nne zingetosha kunionyesha haiwezekani ila usiku ule nilikuwa na hesabu zangu mwenyewe, kuna hela ya rafiki ninayomdai, kuna ovataimu, kuna Mungu.

Tukakutana Mlimani City, nikazivaa palepale kwenye gari lake, akaniwekea kitu cha gitaa tupu, nikatuma hela hata hakijaisha. Nyumbani nikamwambia mama watoto nimenunua Kariakoo, elfu tisini. Akasema elfu tisini nyingi, ila sawa.

Wiki tano zikafika. Jumamosi asubuhi niko kwenye kochi nimezivaa. Sasa kitu cha kujua kuhusu hizi hedfoni, zimeachwa wazi kwa nyuma makusudi ili sauti ipumue, na kwa sababu hiyo zinavuja, mtu aliye karibu anasikia. Mama mwenye nyumba amepiga hodi, mke wangu kamkaribisha, kasimama hapo kanga begani anasikia gitaa linalia kwa mbali kama nzi kwenye chupa. Nikazivua haraka. Shikamoo mama. Marahaba baba, habari za hapa. Nikaanza maelezo yangu, mama nivumilie, mambo yamebana, wiki mbili tu. Ananisikiliza vizuri kabisa. Alafu anazitazama zile hedfoni mezani, anaziokota, anazigeuza.

"Hiki kidude shilingi ngapi baba?"

Nikasema elfu tisini. Ningesema nini, mke wangu kasimama palepale.

"Aa. Mjukuu wangu ananisumbua anataka kama hivi. Basi mi nitakupa laki moja, kumi ni faida yako, nikate kwenye kodi."

Jamani. Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Mtu anadaiwa kodi, anapewa faida ya elfu kumi kwa kitu alichotumia wiki tano, anasita nini? Mama wa watu alikuwa na nia njema kabisa, wala hakuwa ananitega. Mke wangu akanitazama. Akazitazama hedfoni. Akanitazama tena, na pale nikaona anajumlisha, kimya kimya, na jibu analipata. Hakusema kitu mbele ya mgeni. Alienda jikoni kuchemsha chai na nilisikia jinsi alivyokiweka kile kifuniko cha sufuria.

Ugomvi wenyewe siusimulii, ni wa kwetu. Ila aliniambia kitu kimoja ambacho ndo kimenifanya niandike haya yote. Alisema yeye hana shida na laki saba, shida yake ni kwamba nilipokuwa nashusha bei kutoka laki saba na nusu mpaka elfu tisini nilikuwa najua kabisa ninachofanya.

Kodi tuliikamilisha kwa kukopa kwa shemeji, kaka yake. Nimemlipa yote, mpaka shilingi ya mwisho, na ushahidi wa miamala ninao. Lakini yule bwana mpaka leo tukikutana salamu yake ni "DJ, umelipa kodi?" Mbele ya watoto. Msibani kabisa, watu wamekaa kwenye mkeka wanasubiri mazishi, "DJ, vipi kodi?" Nacheka. Nifanyeje.

Ungedhani hapo ndo nilikoma. Wapi!

Hizi hedfoni ni ohm 300, yaani ukinzani wake wa umeme ni mkubwa. Si kasoro, ndo zilivyoundwa, ila simu ya kawaida inazisukuma kwa tabu, sauti inatoka ndogo na nyembamba, na simu nyingi sa hivi hata tundu la kuchomekea hazina. Kwaiyo unahitaji amplifaya ndogo. Na mimi nikajiambia kabisa, kwa sauti, niko bafuni: nisiponunua amplifaya ile laki saba na nusu itakuwa imeenda bure. Ona akili hiyo. Hela iliyokwisha kuliwa nayo inataka kula. Nikaagiza China, laki mbili na themanini, mzigo wa anga. Miezi sita baadaye nikasikia kuna kubwa zaidi, laki tatu na themanini, nikaagiza. Ile ndogo ikapanda juu ya kabati na boksi lake.

Waya sasa. Nilinunua waya wa hedfoni wa laki na ishirini, shaba safi, umesukwa kama nywele za bibi harusi. Na niliusikia utofauti, naapa, nilimwita mpaka binamu yangu nikamwelezea besi ilivyokaza. Wiki ya pili nikagundua nilikuwa natumia ule wa zamani, mpya uko kwenye droo.

Jumlisha mwenyewe. Milioni moja laki tano na thelathini elfu. Kodi ya miezi kumi na chenji ya vocha.

Binamu huyohuyo ndo aliniponya, nusu kwa bahati. Anasoma chuo, mbishi, akasema kaka wewe unajisifu unasikia tofauti ya FLAC na MP3, tuone. FLAC ni faili la muziki lisilopunguzwa kitu, MP3 limebanwa liwe dogo. Nikampa wimbo mmoja, FLAC moja na MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde niliyoitengeneza kutoka kwenye hiyohiyo FLAC ili usiseme ni rekodi mbili tofauti. Yeye anacheza, mimi nimempa mgongo, nabashiri. Mara 20. Kabla ya hapo aliweka sauti zilingane kabisa, na hili naomba ulishike maana watu wengi wanaliwa hapa: ukilinganisha vitu viwili, kile kinachopiga juu hata kidogo tu sikio linakiona ndo kizuri, wala hujui kama ni sauti tu imepanda. Nikapata 11 kati ya 20. Ningerusha shilingi ningepata 10.

Alafu nikaenda kusoma, kwa hasira, nimtafutie makosa. Kumbe CD ya kawaida inachukua sampuli 44,100 kila sekunde, yaani inaipima sauti mara hizo, inatosha kubeba sauti mpaka karibu hezi 22,000 (mitetemo kwa sekunde, zikizidi sauti ni nyembamba zaidi), na sikio la binadamu likiwa bado bichi kabisa mwisho wake ni kama 20,000, na kila umri unavyosogea linapungua kuanzia juu. Mimi nina 41. Nimelipia hezi ambazo sina, na nyimbo zenyewe zilirekodiwa kwa tepu miaka ya sabini na themanini.

Sasa ushauri, maana najua mlikuwa mnaruka mnautafuta.

Kwanza hesabu masaa. Mimi wiki moja nilihesabu kwa uaminifu, masaa 11 nilikuwa naangalia video za watu wanaosifia hedfoni, masaa matatu nikasikiliza muziki. Wewe unajiita mpenzi wa muziki? Wewe ni mpenzi wa kununua, kubali tu. Ile hamu haitoki kwenye nyimbo, inatoka kwenye simu saa sita usiku umelala chali. Nilifuta zile chaneli zote na hamu ikapungua ndani ya wiki mbili. Haikuisha. Ikapungua.

Pili daftari. Kila ukitaka kitu andika jina, bei ya kweli, na tarehe, alafu ipite mishahara miwili. Niliandika vitu tisa. Nilipovirudia, viwili hata sikumbuki ni vya nini, na kilichobaki cha maana kilikuwa sponji za masikioni kwa sababu za zamani zilikuwa zimelala kama chapati ya juzi. Elfu arobaini. Nikanunua. Mwaka na miezi miwili sasa na zaidi ya hizo sponji sijanunua kitu, na nalisema hili kifua mbele.

Bei igeuze iwe kodi. Usiseme laki sita, sema miezi minne ya nyumba. Utaona mkono unavyokuwa mzito.

Na sauti ipunguze, kaka zangu, WHO, shirika la afya duniani, wanasema mtu mzima sauti ya desibeli 80 mwisho masaa 40 kwa wiki, na ukipanda juu ya hapo muda unapungua haraka sana. Mnatafuta hedfoni za milioni mnazipigia masikio ya shilingi mia. Hela iliyobaki lipa kiingilio ukaone bendi ya dansi wikiendi, ukae karibu na mpiga gitaa, hakuna amplifaya ya China itakupa hiyo.

Ila kubwa kuliko zote ni bei. Mtajie mwenzako bei. Bei yenyewe, si bei ya Kariakoo uliyoitunga kwenye daladala ukiwa unarudi nyumbani. Kama huna mke mtajie mama yako, kama mama yuko kijijini mpigie simu umwambie mama nanunua kitu cha kuvaa masikioni laki sita na nusu, hela nyingine nakopa. Ukiona ulimi unateleza kuelekea elfu tisini, kijana, rudisha hiyo hela mfukoni. Mikopo ya simu nayo unaijua ilivyo, tarehe ikifika inajikata yenyewe, haijali kama umekula. Usikope kwa ajili ya masikio. Kopa kwa ajili ya hospitali, kopa ada ya mtoto, usikope kwa ajili ya masikio.

Haya yote nilimrekodia yule wa Mbagala kwenye voisi tatu, za dakika nne nne, mpaka mke wangu aliyekuwa anakunja nguo pembeni akasema leo umekuwa shehe. Nikamwambia na hadithi ya mama mwenye nyumba. Nikamwambia na DJ.

Akajibu asubuhi: "Dah, nimekuelewa sana kaka, Mungu akubariki, ile HD 600 nimeachana nayo. Sasa ile amplifaya ndogo uliyosema iko juu ya kabati, unaiachia bei gani?"

Mke wangu anasema laki mbili, tena leo. Nimeishusha, nimeifuta vumbi, inawaka. Ile meseji tiki zimeshakuwa bluu tangu juzi na bado sijamjibu.