Kuhusu Maserati GranTurismo kuletwa Malindi

Kaka, hamu yako naielewa kabisa. Unauliza kama ulitoe Italia gari la rafiki yako, Maserati GranTurismo, uliendeshe hapa Malindi. La Italia achana nalo: usukani uko kushoto, na Kenya hairuhusu kuingiza la namna hiyo, wala lililopita miaka 8. Matoleo ya V8, yaani injini ya silinda nane, yalikoma 2019 na mengi yameshapita umri huo, hivyo tafuta ambalo tayari lina namba za Kenya.

Uzuri wake si mbio tu. Injini ya lita 4.2, iliyoundwa na Ferrari kule Maranello, Italia, imesogezwa nyuma ya ekseli ya mbele, kwa hiyo gari linatulia kwenye kona. Viti vya nyuma wanakaa watu wazima kweli. Utafika Mombasa, kilomita kama 120, mgongo haukuumi, na ukikanyaga mafuta ile sauti inakusisimua hadi vidole vya miguu. Mimi nalipenda kuliko gari lolote la mbio tupu.

Ila matuta! Kutoka Msabaha, Gede hadi Kilifi yapo mengi, na bampa ya mbele iko chini mno. Yapande polepole, kwa mshazari kama njia inaruhusu.

Chumvi ndiyo adui mkubwa. Osha chini ya gari kila wiki kwa maji baridi ya mfereji, si ya kisima chenye chumvi. Kabla hujalipa, lipandishe juu kwa fundi, mkague diski za breki, mabomba na plagi za nyaya.

Bei ya spea uliza mapema.