Nishushe Legacy yangu kiasi gani bila kuumiza abiria?

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina Subaru Legacy wagoni ya 2008, injini ya lita mbili isiyo na tabo. Kila siku natoka Seeta kwenda kazini Nakawa, watoto wawili nyuma, na mara kadhaa kwa mwaka tunapanda Mbale kuwaona wazee na kurudi na matoke na vitunguu. Gari naliona refu mno. Kati ya tairi na mudigadi ngumi inaingia nzima. Nataka lishuke sentimita tano. Fundi wa jirani anasema atakata springi mzunguko mmoja na nusu, kwa hela kidogo sana. Kisekka, soko la vipuri Kampala, nimeonyeshwa koilova (shokapu na springi zilizoungana, kimo kinarekebishwa) zilizotumika kutoka Japani; muuzaji anasema ni za mbio lakini zina kitasa cha kulegeza. Rafiki yangu anashauri ninunue springi fupi mpya, shokapu zangu za zamani zibaki. Nichukue ipi, nikitaka gari libaki laini? (Msomaji, Seeta)

JIBU: Ndugu yangu, kati ya hizo tatu hakuna ninayokushauri uichukue kama ilivyo. Rafiki yako amekaribia kuliko wengine, ila amesahau nusu ya kazi. Ushauri wangu ni springi fupi mpya za kushusha milimita 25, au 30 ukizidisha sana, pamoja na shokapu mpya zilizotengenezwa kufanya kazi na springi za namna hiyo, vyote vifungwe siku moja. Hizo sentimita tano zisahau.

Wengi wanaamini gari la chini hurusha abiria kwa sababu springi zake ni ngumu. Mara nyingi kinachowarusha ni kukosa nafasi. Gurudumu likikutana na tuta linahitaji kupanda, na nafasi ya kupanda inaishia kwenye ile raba iliyo kwenye fimbo ya shokapu, tunayoiita bampastopu. Tuseme gari lako likiwa limesimama, dereva ndani, lina milimita 75 kabla ya kufika mwisho huo. Ukilishusha milimita 25, zinabaki 50. Ukilishusha 50 unazozitaka wewe, zinabaki 25, upana wa dole gumba. Tuta nalo ni lile lile. Nguvu inayomezwa na springi hupanda kwa mraba wa umbali inaobonyea, kwa hiyo, tukiiweka shokapu kando kidogo, ili pigo lile lile liishie ndani ya milimita 50 springi ingepaswa kuwa ngumu mara mbili na robo. Ndani ya milimita 25, mara tisa. Hakuna kiwanda kitakachokuuzia springi ngumu mara tisa kwa gari la kupeleka watoto shule. Matokeo yake gari hutembea likiwa limeikalia raba, na kila shimo linapanda moja kwa moja hadi kwenye kiti.

Hapo sijagusa tumbo la gari. Legacy hii ikitoka kiwandani ina takriban milimita 150 kutoka chini. Toa 50, zimebaki 100. Pakia wazee wawili, watoto na mikungu ya matoke, nyuma inashuka tena. Unajua mwenyewe yale matuta yaliyoinuliwa na wenyeji mbele ya shule na masoko, yasiyofuata kipimo cha mhandisi yeyote. Ekzosi yako itayafahamu moja moja.

Sasa hizo koilova za Kisekka. Sina ugomvi na koilova. Ninazifunga na baadhi yake ni nzuri sana. Ugomvi wangu ni na maneno ya muuzaji. Kile kitasa anachokuonyesha kinalegeza mafuta ndani ya shokapu, yaani kinapunguza uzito wa fimbo kuingia na kutoka. Springi haiguswi. Koilova nyingi za Kijapani zilizokusudiwa kiwanja cha mbio hubeba springi za kilo 6 hadi 10 kwa milimita, yaani zinahitaji uzito huo kubonyea milimita moja, wakati springi ya kiwandani ya gari kama lako huwa karibu na kilo 3. Tuhesabu. Kona moja ya mbele ya Legacy, ukiondoa gurudumu na breki, inabeba kama kilo 360. Kwa springi ya kilo 3, bodi inapanda na kushuka mara 1.4 hivi kwa sekunde, mwendo ambao mwili wa mtu huuvumilia bila shida. Kwa springi ya kilo 8 inakuwa mara 2.3 na zaidi, na hapo kichwa kinaanza kuyumba, mtoto anatapika kabla hamjafika Bweyogerere. Ukilegeza kitasa ukitafuta ulaini unaongeza ubaya, kwa sababu springi ngumu inahitaji mafuta mazito ya kuituliza. Ikikosa, gari linadunda kama mpira wa basketi.

Pete ya kukazia springi nayo ina uongo wake. Utaambiwa ukiilegeza springi inalainika. Springi ya kilo 8 ni ya kilo 8 iwe imekazwa au imelegezwa. Kinachobadilika ni kimo. Na hapa koilova zinagawanyika makundi mawili. Zipo zinazoshuka kwa kuteremsha kikalio cha springi, ambazo kila milimita unayoshuka inatolewa kwenye nafasi ya kupanda. Zipo nyingine zinazoshuka kwa kufupisha mguu wa chini wa shokapu, na fimbo inabaki na safari yake kamili. Tein wanazo za aina zote mbili: Street Advance Z hutumia njia ya kwanza, Flex Z ya pili. Kama siku moja utataka koilova, nunua mpya za kundi la pili, zenye springi za barabarani, na usiziteremshe hadi mwisho eti kwa sababu nyuzi za kuzungushia pete bado zipo.

Zilizotumika siziwezi. Zikitoka mikoa ya Japani inayomwagwa chumvi barabarani wakati wa theluji, fimbo huwa na vidoa vya kutu ambavyo huwezi kuviona ukiwa umesimama kibandani, na kila kidoa kinakata sili ya mafuta. Udongo wetu mwekundu ukiingia kwenye nyuzi msimu mmoja wa mvua, pete inaganda na haiteremki wala haipandi.

Kukata springi nitakupitisha haraka, maana jibu ni usifanye. Springi ukiikata inakuwa ngumu zaidi kwa kila mzunguko, lakini kidogo tu. Ile yenye mizunguko sita inayofanya kazi ikipoteza mmoja inakazika kwa asilimia 20, wakati nafasi imepungua kwa kiasi kikubwa zaidi. Ncha iliyokatwa haikai vizuri kwenye kikalio chake. Gurudumu likining'inia, springi fupi inaweza kuchomoka mahali pake, na ikichomoka kwenye kona ya Mabira hilo si suala la ulaini tena. Anayechoma springi kwa moto ili ilale ni mbaya kuliko anayekata, kwa sababu moto unaua chuma chenyewe.

Rafiki yako yuko sahihi kwenye springi. Springi fupi za viwanda vinavyojulikana, kama Pro-Kit za Eibach, au za H&R, huwa zimekazwa kiasi kidogo kufidia nafasi iliyopotea, na nyingi zimesukwa kwa mizunguko isiyolingana ili ziwe laini mwanzoni na ngumu zikibonyea. Kosa lake ni shokapu za zamani. Tangu 2018 sheria yetu ya Uganda inazuia kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi, lakini lenye miaka 12 linapita, na mara nyingi linapita likiwa na shokapu zile zile za kiwandani. Lako limekula barabara ya Jinja kwa miaka juu ya hapo. Shokapu iliyochoka haikuwa inaiweza springi ya mwanzo, haitaiweza iliyo ngumu zaidi. Halafu springi fupi inaifanya fimbo ifanye kazi sehemu ya ndani zaidi, ambako sili haijazoea, na inavuja.

Kwa gari lako ningetafuta KYB, ile New SR Special, ambayo ina ukali kidogo kuliko ya kawaida. Ukiwa na mfuko mrefu, Bilstein B8. Hiyo imefupishwa makusudi kwa gari lililoshushwa. Usiichanganye na B6, ambayo ni ya kimo cha kiwandani. Binafsi, kwa barabara zetu, napendelea shokapu ya mirija miwili kama hizo za KYB kuliko ya mrija mmoja kama Bilstein. Ya mrija mmoja inapoza mafuta vizuri zaidi na haichoki upesi, lakini ukuta wake wa nje ndio pistoni inaousugua, na jiwe likiutia bonde kazi imekwisha. Ya mirija miwili inavumilia kipigo cha nje. Kuna mafundi wenzangu watabisha hapa, na wabishe.

Unapoagiza, taja herufi za chesisi zilizo kwenye kibao cha gari. Lako linapaswa kusomeka BP5. BP9 ni injini ya lita mbili na nusu na BPE ni silinda sita, nzito mbele, na springi zake hazitakupa kimo ulichoahidiwa.

Kabla ya kununua chochote, fanya kipimo kimoja cha bei ndogo. Mwambie fundi ainue mfuko wa vumbi wa shokapu, afunge kamba ya plastiki ya kukazia nyaya kwenye fimbo ya kila shokapu, aisukume hadi ikae juu ya mwili wa shokapu. Nenda Mbale na mzigo wako wote kama kawaida, pita Tirinyi, simama Namawojjolo ule kuku, rudi. Kila kamba itakuwa imesukumwa juu hadi mahali fimbo ilipoingia kwa kina zaidi. Pima nafasi iliyobaki kati ya kamba na bampastopu. Hiyo ndiyo akiba yako halisi. Ukikuta milimita 30, unajua 25 zinawezekana. Ukikuta kamba imegonga raba gari likiwa bado kimo cha kiwandani, basi springi zimelala au shokapu zimekufa, na kushusha si mazungumzo ya mwaka huu.

Siku ya kufunga, msimamie fundi kwa mambo machache. Bushi (raba za viungo) za mikono ya chini na za nyuma zikaguliwe, zilizopasuka zitoke. Bolti za bushi zisikazwe gari likiwa juu ya jeki. Zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo raba inabaki imesokotwa muda wote, inakazisha gari na kuchanika mapema. Hili ndilo linalorukwa zaidi gereji za mjini, na mteja analaumu springi. Bampastopu zifungwe mpya, zifupishwe ikiwa tu maelekezo ya springi yanasema hivyo. Maunti za juu, yaani vishikizo vya shokapu kwenye bodi, zibadilishwe wakati huo huo kwa sababu kazi ya kuzifikia ni ile ile.

Baada ya wiki moja au mbili springi zikishakaa, peleka gari alaimenti. Gari likishuka, magurudumu yanalala kwa ndani upande wa juu na mwelekeo wake wa mbele unabadilika. Huo mwelekeo ndio unaokula tairi upande wa ndani kwa kasi. Kwa milimita 25 Legacy bado inarekebishika bila kununua mikono mipya ya nyuma. Kwa 50, mara nyingi hairekebishiki. Kitu kingine cha mbele: mkono wa chini ukishavuka usawa na kuelekea juu, gari linapata hamu ya kulala kwenye kona kuliko lilivyokuwa, hata kama liko chini zaidi. Taa nazo zipimwe upya.

Kuhusu ile ngumi kwenye mudigadi, kuna njia ambayo watu hawaifikirii. Kama rimu zako ni inchi 17 zenye tairi 215/45, tairi za 215/50 zinaongeza milimita 10 na ushee za ukuta. Mwanya unapungua kwa kiasi hicho, tumbo linapanda kwa kiasi hicho hicho, na ukuta mrefu unameza mashimo madogo. Saa ya mwendo itasoma pungufu kwa asilimia tatu na kitu. Pima kwanza nafasi kati ya tairi na kikalio cha springi mbele, kwa sababu hapo ndipo pembamba, na ubadilishe zote nne kwa pamoja. Subaru inayovuta magurudumu yote haitaki tairi za vimo tofauti, inaua difu au klachi ya katikati inayogawa nguvu mbele na nyuma. Springi za milimita 25 pamoja na tairi hizo zitaziba mwanya kwa milimita 35, na tumbo la gari litakuwa limeshuka 15 tu.

Kama bajeti haitoshi kununua vyote, anza na shokapu, maunti na bushi, springi za kiwandani zibaki, uendeshe mwezi mmoja hivyo. Springi fupi zitafuata ukipata hela, ila ujue kazi ya kufungua mbele utailipia mara mbili.