Pweza anayegoma kutoka shimoni

Aliyeuliza kuhusu yule pweza wa mwamba wa Nyali hapa Mombasa, kwamba amemchokoa nusu saa hatoki wala haushiki mkonjo (ile fimbo ya kuvulia pweza) na juu ya shimo kunaning'inia vitu vyeupe kama punje za mchele: ndugu yangu hayo ni mayai na huyo ni mama yao, mwache.

Mimi naenda mwambani maji ya bamvua, bahari ikikupwa sana, na mjomba wangu tangu niko darasa la tano, siku moja nikamtoa mmoja kama huyo, mjomba alikuwa mbali kidogo angenizuia. Nikajiona kidume. Kufika nyumbani mamangu anamtia sufuriani akasema pweza gani huyu, maji matupu, nyama imelegea kama kitambaa! Mana jike akishataga hali tena, anakaa palepale mwezi hivi anayapulizia mayai maji na kuyapangusa na minyiri, na yakishaanguliwa naye ndo basi, anakufa. Dume naye akishapanda haendi mbali. Maisha yao yote ni mwaka na kitu tu, wallahi, na wale watoto wanabebwa na mkondo wiki kadhaa ndo watue mwambani, wengi wanaishia matumboni mwa samaki ndo mana mama anataga mayai maelfu kwa maelfu.

Lakini pweza anakua upesi vibaya sana. Huyu wa nusu kilo unayemkimbizia muuza supu leo, mwezi ujao anakaribia kilo. Kule Andavadoaka, Madagascar, wavuvi wenyewe walifunga kipande cha mwamba mwaka 2004 kwa miezi kadhaa, kufungua wakakuta pweza wakubwa. Hapa kwetu tuna paki ya bahari tangu 1986, ndani yake kuvua hakuna kabisa, huku nje kwenye rizavu, eneo la hifadhi linaloizunguka, zana za kienyeji ruksa, so ni sisi wenyewe kukubaliana kufunga, na hapo ndo pagumu, we ukimwacha yuko mwenzio nyuma na mkonjo wake.

Mwaka jana nilimwacha mmoja, nikaziba mlango kwa jiwe nusu asionekane. Bamvua ya pili mbele nikarudi, jiwe liko vilevile, ndani hamna mtu, magamba ya kaa ya zamani tu, na kwenye dari vile vinyuzi vya mayai vitupu vinapepea.