Ndiyo, kaka nilimchoma

Shangazi, nimesikiliza ujumbe wako wa sauti mara nne. Unauliza kama ni kweli huku majuu serikali humlipa mtu akifiwa, na kama nilimchoma kaka ili pesa za kuusafirisha mwili zibaki kwangu. Wengine kwenye kundi la familia mmeuliza hilohilo kwa maneno laini. Nawajibu wote hapa.

Nilimchoma. Sahihi kwenye fomu ni yangu.

Mwili ukitoka Uingereza hadi kwetu Ahero, karibu na Kisumu, ni lazima utiwe dawa, uwekwe kwenye jeneza lenye bati la zinki ndani, upate kibali cha kutoka nchini, ulipiwe ndege ya mizigo hadi Nairobi, kisha gari hadi bomani. Bei niliambiwa kwa simu usiku nikiwa kazini, nimemshika mzee wa watu nimgeuze asipate vidonda vya mgongo. Ndiyo kazi yangu hiyo, shangazi. Nabadilisha wazee nepi. Sijawahi kuwaambia kwa sababu mlipenda kusema niko ofisini. Akiba yangu ya miezi minne haikufika nusu ya bei ile. Mchango wenu niliupokea nikilia, najua mlivyojinyima, lakini haukutosha hata jeneza.

Nisingejitokeza, baraza la mji lingemzika au kumchoma lenyewe. Sheria yao ya 1984 inalitaka lifanye hivyo kwa maiti asiye na mwenyewe. Mtoto wa mama yangu aitwe maiti asiye na mwenyewe? Nilikopa, nikalipia uchomaji wa bei ya chini kabisa, ule ambao jamaa hawaingii ndani. Nilipewa saa tu: saa tatu asubuhi. Saa tatu ilinikuta kituo cha basi nikitoka zamu, nikamwimbia palepale, kwa Kijaluo, watu wakinitazama. Hiyo ndiyo ibada aliyopata.

Mmesema nina kopo la majivu. Si majivu kama ya jikoni. Tanuri lile hufika nyuzi 800 hadi 1,000, na baada ya saa moja na nusu hivi nyama yote imekwisha, hata jeneza limekwisha. Kinachobaki ni mifupa, nayo husagwa. Ukiitazama ni kama mchanga wa kijivu, mzito. Nilimpakata kwenye basi hadi nyumbani, uzito wake kama gorogoro la mahindi, kilo mbili hivi, na kidogo juu. Amekaa kabatini kwangu, juu ya blanketi zangu, tangu Februari. Kila usiku namwambia nimerudi.

Sasa wazee wanasema aliyechomwa hawezi kulala bomani. Nawauliza kwa heshima: yule ndugu ya babu aliyepotea ziwani na mtumbwi wake, tulimzika nini? Tunda la yago. Nilikuwa mtoto lakini naliona hadi leo likishushwa kaburini, watu wakalilia, wakalala matanga. Tulikubali tunda la mti kuwa mtu wetu. Hii niliyo nayo ni mifupa yake hasa.

Mmenitajia kesi ya wakili S.M. Otieno, aliyefariki Desemba 1986 akazikwa Nyalgunga Mei 1987 baada ya mahakama kuupa ukoo haki ya kumzika. Naijua. Kesi ile ilihusu mahali pa kuzikwa, na mimi sijapinga mahali. Nataka alale nyumbani kuliko ninyi mnavyotaka. Na anayesema wanaochomwa ni Wahindi tu akumbuke Wangari Maathai, aliyechomwa Kariokor mwaka 2011 ndani ya jeneza la mianzi, mafunjo na gugumaji. Yeye aliacha wosia. Kaka hakuacha neno, nami niliamua peke yangu, na hapo ndipo panaponiuma, shangazi. Sijui angekubali.

Kumwaga ziwani pale Dunga, kama binamu alivyopendekeza, sitaki. Mama ataenda kulilia wapi, ufukweni kwa wauza samaki? Binti wa kaka anaomba kijiko kimoja cha majivu kibaki naye huku. Nilikataa, nikamwambia baba hagawanywi. Wiki iliyofuata nikampa. Ana miaka 16, na sina uhakika kama atawahi kuiona Ahero tena.

Halafu mnasema hawezi kuingia bomani kwa sababu hakujenga. Alijenga! Miaka sita alituma pesa, na nimeona picha: msingi tu, nyasi zimeota katikati. Aliyezipokea anajijua na simtaji. Pesa za mabati nitalilipa duka lenyewe, moja kwa moja. Simba yake, ile nyumba ya mtoto wa kiume bomani, isimame kabla sijafika.

Wewe mdogo wangu unayeuliza njia ya kuja, usije. Baki na shamba lako la mpunga, huku utazeeka hujui jirani yako anaitwa nani. Na ukija, kwa sababu najua utakuja, wiki ya kwanza tafuta chama cha mazishi cha Wakenya, ulipe kila mwezi kabla ya kodi ya nyumba. Andika unataka ufanyweje. Usikubali wakuchome. Lakini ikiwa pesa hakuna, kubali, usiwaache watoto wako na deni kama langu. Pesa za nyumbani punguza. Za dawa ya mama usipunguze hata siku moja.

Nakuja Desemba. Nimemnunulia sanduku la mbao, kwa sababu la chuma mashine za uwanja wa ndege hazioni ndani, na sitaki mtu amfungue. Cheti cha kifo na cha kuchomwa nitavishika mkononi. Atakaa nami ndani ya ndege, na kutoka Nairobi tutapanda basi la Kericho, njia aliyokuja nayo.

Kaburi lichimbwe kulia kwa simba, pale juu ambako maji ya mto Nyando hayafiki. Na msinichimbie kashimo ka sanduku. Lichimbeni refu, la mtu mzima.