Shangazi, nimemwambia Mungu kwamba amenisahau

"Shangazi, mume wangu alipatwa na kiharusi miaka mitatu iliyopita. Upande wake wa kulia ni dhaifu, na maneno humkwama mdomoni. Mwaka jana mimi nami niliachishwa kazi, na sasa tunaishi kwa vibarua na kwa huruma ya ndugu. Nimefunga, nimekesha, na tumewekewa mikono. Mama mmoja wa kikundi chetu cha maombi ameniambia kwamba lazima ipo dhambi iliyofichika nyumbani mwetu. Wengine kila nikilia hunisomea Yeremia 29:11, kwamba Mungu anatuwazia mawazo ya amani wala si ya mabaya, ili atupe tumaini. Sijakaribisha mgeni tangu mume wangu augue, kwa kuwa nasubiri apone kwanza. Wiki iliyopita nilipiga magoti, nikakosa neno la kusema, kisha nikamwambia Mungu kwa hasira kwamba amenisahau. Je, nimekufuru? Nitatumainije bila kujidanganya? Ni mimi, Aliyechoka."

Mwanangu Aliyechoka,

Hukukufuru. Neno lililokutoka ukiwa umepiga magoti ndilo linaloifungua Zaburi ya 13: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi ya 88 inakwenda mbali zaidi, kwa maana inaanza kwa kilio na kuishia gizani bila hata mstari mmoja wa faraja mwishoni, na bado waliozikusanya Zaburi hawakuona sababu ya kuiacha nje. Aliyemkatia Mungu tamaa hahangaiki kupiga magoti ili amgombeze. Wewe ulipokasirika ulimwendea yeye mwenyewe, na kwangu mimi hiyo ni imani, ingawa imechoka na haina sura nzuri.

Kuhusu dhambi iliyofichika, wanafunzi wa Yesu walimwuliza jambo hilohilo walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu, naye akawajibu kwamba hakutenda dhambi yeye wala wazazi wake (Yohana 9:3). Marafiki wa Ayubu walifanya vema kwa siku saba walizokaa naye chini kimya. Walipoanza kueleza sababu ya mateso yake ndipo walipoharibu, hata Mungu akawakasirikia. Simhukumu mama yule. Mara nyingi tunautafutia msiba wa jirani sababu kwa sababu tunaogopa, tukidhani kwamba makosa yake yakijulikana basi sisi tusio na makosa hayo tuko salama. Lakini hofu yake si mzigo wako, na huna wajibu wa kuendelea kuichunguza nyumba yako kwa ajili yake.

Sasa nije kwenye Yeremia 29:11, ambayo naona umesomewa nusu. Mstari ule umo katika barua ambayo nabii aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka kutoka Yerusalemu hadi Babeli, na mstari unaoutangulia unasema kwamba Bwana atawajilia miaka 70 itakapotimia. Ebu fikiri hesabu hiyo ilivyosikika masikioni mwa mtu mzima aliyekuwa uhamishoni: wengi wao walielewa kwamba watazikwa hukohuko. Na katika sura ya 28 yupo nabii mwingine, Hanania, aliyewaahidi kwamba mambo yote yatarudi kama zamani ndani ya miaka miwili. Bila shaka ahadi yake ilipendwa zaidi. Yeremia alimwambia usoni kwamba anawafanya watu watumainie uongo. Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili, kwa kuwa kujidanganya ni kumpangia Mungu tarehe, kisha kuyasimamisha maisha mpaka tarehe hiyo ifike. Watu walioahidiwa tumaini la kweli waliambiwa katika barua hiyohiyo wajenge nyumba, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuozesha, na wauombee amani mji ambao hawakuuchagua.

Ndiyo maana sentensi yako kuhusu wageni imenigusa kuliko zote. Sikwambii uache kuomba uponyaji. Endelea, na wala usiruhusu mtu yeyote akushawishi kwamba dawa na mazoezi ya viungo ni dalili ya kukosa imani. Mtume Paulo naye aliomba mara tatu aondolewe mateso aliyoyaita mwiba katika mwili wake, hakuondolewa, akapewa neema ya kutosha. Ninachokuomba ni kwamba mlango wako usingoje kupona kwa mume wako ndipo ufunguliwe. Mwalike mtu mmoja tu asiye na haraka, akae nanyi. Na jambo moja zaidi: wako wagonjwa wa kiharusi ambao maneno huwakwama wakizungumza, lakini huwatoka wakiimba wimbo walioujua tangu zamani. Haitokei kwa kila mgonjwa, na mtaalamu wa tiba ya usemi ataweza kukueleza zaidi, lakini anzisha wimbo wa ibada alioupenda mume wako uone kama ataufuata.

Wewe mwenyewe pia unahitaji kutunzwa. Eliya alipochoka na kuomba afe, malaika hakumhubiria. Alimwachia usingizi, akamwamsha kwa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamwambia ale kwa kuwa safari ilikuwa kubwa mno kwake. Kwa hiyo, kabla ya mkesha mwingine, kiombe kikundi chako kitu kinachoshikika: mtu wa kukaa na mgonjwa alasiri moja kila wiki ili wewe ulale. Wanaokupenda watafurahi kuambiwa la kufanya, kwa maana wengi hukimbilia mistari ya Biblia kwa kuwa hawajui wasaidie wapi. Na ikiwa uchovu huu umefika mahali ambapo nawe unatamani kufa, usinyamaze wala usingoje. Mwambie mtu wa karibu na umwone daktari siku hiyohiyo.

Usiku utakapokosa maneno tena, soma Zaburi ya 13 kwa sauti. Ina mistari 6, na miwili ya mwisho inamsifu Mungu. Ukiona bado huiwezi hiyo, ishia mstari wa 4 ukalale.