Dada yangu anataka kunilipia kipimo cha akili. Nikubali?

"Mama, salamu kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Nina miaka 38, ni mke na mama wa watoto watatu, na nafanya kazi kwa deklara, wakala wa forodha anayepitisha malori mpakani Kasumbalesa. Mpwa wangu aliye Brussels alipimwa akili, wakasema ana kipaji kisicho cha kawaida. Dada yangu, anayeishi huko huko, akanitumia orodha ya dalili: kichwa kisichopumzika usiku, kuchoshwa haraka na maongezi, kuona kosa kabla wengine hawajaliona. Mama, niliisoma nikalia, maana ni mimi mtupu. Nikipata viza, nitakwenda kumtembelea dada mwezi wa saba, na yuko tayari kulipa nipimwe. Bwana yangu anasema: 'Unataka karatasi ya kutuonyesha kwamba sisi ni wajinga?' Chuo niliacha mwaka wa kwanza wa hesabu, baba alipofariki, ili wadogo wasome. Nipimwe au niache?"

Mwanangu,

Nianze na bwana yako, kwa kuwa neno lake limekuuma. Kutaka kujijua si majivuno. Mtu aliyesikia tangu utotoni "unajifanya", "unajua sana", ana haki ya kuuliza kama kweli ana kasoro au watu hawakumwelewa tu. Ila nadhani na bwana yako ameshtuka. Ameona karatasi inakuja kuingia nyumbani, na hajui itamweka wapi yeye. Kaa naye wakati watoto wamelala, umweleze ulilia kwa sababu gani. Kwenye barua hukusema kama aliwahi kukuona ukilia.

Sasa kipimo chenyewe. Mtu mzima wa Brussels kwa kawaida hupewa WAIS, kipimo cha akili cha watu wazima, iliyotungwa na Mmarekani David Wechsler na kutolewa mara ya kwanza mwaka 1955, kisha ikarekebishwa mara kadhaa. Unakaa na mwanasaikolojia saa moja hadi mbili hivi. Anakutajia tarakimu, wewe unazirudisha kinyumenyume. Anakuuliza maana ya maneno, halafu vitu viwili vinafanana kwa lipi. Anakuwekea mezani vipande vya mchemraba vyenye nyuso nyekundu na nyuso nyeupe, uvipange vifanane na mchoro, na yeye ameshika saa. Mwishoni majibu yako yanalinganishwa na ya watu wa rika lako. Wastani umewekwa kuwa 100. Anayefika 130, na hao ni kama watu 2 katika kila 100, ndiye Wafaransa na Wabelgiji husema ana uwezo wa juu wa akili. Si ugonjwa, na hakuna dawa inayofuata.

Lakini hao watu wa rika lako ni wa wapi? Hapo ndipo ninaposita. Ni watu wa Ulaya, waliolelewa kwa Kifaransa, walioshika penseli na michezo ya vipande kabla hawajaanza shule. Wewe ulihesabu, ukagombana na ukaota ndoto zako kwa Kiswahili, na Kifaransa ukakikuta darasani mbele ya mwalimu. Ukirudi na 118, utajuaje kama ni akili yako iliyopimwa au ni Kifaransa chako? Hata 131 isingekuwa na uhakika unaoufikiria, maana mwanasaikolojia makini atakuambia matokeo yako yapo kati ya namba hii na ile. Mwenye 127 na mwenye 132 wanaweza kuwa sawa kabisa, ila mmoja ataondoka akicheka na mwingine akiinamisha kichwa.

Nchi yetu ya Kongo inayajua mambo haya kuliko watu wanavyodhani. Wakati wa Wabelgiji, kampuni ya madini ya Union Minière ilikuwa na wanasaikolojia wake hapa hapa Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, wakiwapima wafanyakazi ili kuamua nani afundishwe kazi gani. Na mwanasaikolojia André Ombredane pamoja na wenzake waliwapa watu wa kabila la Asalampasu wa Kasai kipimo cha michoro, kile cha kutafuta kipande kinachokosekana, kisha wakawapa tena kile kile. Matokeo waliyachapisha mwaka 1956: kadiri watu walivyorudia, alama zilipanda. Watu walikuwa wale wale na vichwa vile vile, ila sasa walikuwa wamezoea wanachoulizwa. Nikiikumbuka habari hiyo huwa nawawazia wote waliopimwa mara moja tu, namba ikaandikwa, na maisha yao yakapangwa kwayo.

Na ile orodha iliyokuliza, naomba uiweke pembeni kidogo. Kukosa usingizi na kuchoshwa na watu havimo ndani ya kipimo, na havipandishi alama hata moja. Utafiti wa watu wengi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2022 uliona kwamba wenye akili za juu hawana matatizo mengi zaidi ya afya ya akili kuliko wengine. Kwa wasiwasi hata walikuwa nafuu. Kwa hiyo usingizi wako unaopotea una haki ya kutafutiwa sababu yake yenyewe. Inaweza kuwa wasiwasi, inaweza kuwa huzuni ya muda mrefu. Hilo usilingojee viza. UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kuna kitivo cha saikolojia. Kaulize pale ni nani anayepokea watu wazima kwa mazungumzo, umweleze habari za usiku wako kabla hujagusa habari za akili.

Sasa niseme nilichokiona mimi. Barua yako ilikuwa ndefu, nimeifupisha hapo juu. Mahali fulani ulinisimulia ya juzi kazini: kijana wa ofisi alikuwa bado anatafuta kalkuleta, wewe ukasema uzito wa lori la tatu umeingizwa mara mbili. Wakaangalia, ikawa kweli. Bosi akamsifu kijana kwa kuwa makini. Ukaeleza tukio hilo kwa ukurasa mzima, mpaka rangi ya kalamu. Lakini chuo ulichokiacha ulipokuwa msichana ukakipa mstari mmoja tu, na hukuandika kwamba kiliuma. Mwanangu, kiliuma. Uliweka daftari la hesabu chini ili wengine wasome, wakasoma, mmoja wao leo ndiye yuko Brussels na anataka kukulipia. Nadhani unachotafuta kwenye namba hiyo ni mtu wa kukuambia kwamba aliyeacha chuo hakuwa mtu wa kuacha. Sihitaji WAIS kukuambia hivyo.

Jiulize namba itafungua mlango gani. Bosi hatakuongezea mshahara kwa sababu ya 135, na chuo hakitaiuliza siku ya kujiandikisha. Ikitoka 112 je? Naogopa utairudisha hata ile furaha ya lori la tatu, useme kumbe nilijidanganya.

Kwa hiyo jibu langu ni hapana, si mwezi huu wa saba. Ningesema ndiyo kama ungekuwa na mwanasaikolojia anayekufahamu, anayejua umekulia kwa lugha gani, na wewe umeshaweza kulala hata ukipewa namba ndogo. Siku hiyo ikifika, nenda, wala usimwogope mtu. Ila vile vipimo vya kwenye simu vinavyoomba dola ili vikupe cheti, usivijibu kabisa, ni biashara.

Diploma yako ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari, bado unayo? Itoe, piga kopi, uzunguke vyuo vya mjini uulize ni kipi kina masomo ya jioni ya hesabu, takwimu au jestioni (usimamizi wa biashara), na minervali, yaani ada ya chuo, ni kiasi gani kwa mwaka. Uliza pia kama wanawakubali watu wanaofanya kazi, na kama ule mwaka wa kwanza unaweza kuhesabiwa. Nenda na bwana yako angalau kwenye chuo kimoja, aone mwenyewe unavyouliza maswali.

Dada yako umwandikie hivi: "Mdogo wangu, asante. Pesa ya kipimo usiilipe huko. Nikishaandikishwa nitakutumia karatasi ya minervali, unisaidie hiyo." Akikataa, niandikie tena, tutafute njia nyingine.